Nafasi ya Zawadi Kando ya Meza

Mave mwanangu,

Sanduku lako limekwisha kufungwa. Shangazi yako amekuambia mara tatu juu ya maji ya kuchemsha, juu ya watu wa njiani na juu ya kulala mapema, na mimi sitarudia hata neno moja. Umekwenda kwa jirani kusukwa nywele, mvua imeanza, kwa hiyo najua hutarudi upesi. Nimeondoa vitambaa mezani, nimeweka karatasi hii.

Kuna jambo ambalo Zawadi amenitaka nikuambie kabla hujapanda gari kesho kwenda kwake Aru kujifunza kazi. Amesema nisipokuambia, usiende. Tangu saa sita mchana ninazunguka nyumba hii nikitafuta namna ya kuanza. Nimefagia mara mbili mahali palipokuwa safi. Kukuambia kwa mdomo nimeshindwa. Labda mkono wangu utakuwa na moyo kuliko ulimi.

Unajua kwamba Zawadi na mimi tulijifunza kushona pamoja, hapa Bunia, kwa Mama Angelani. Hilo nilikuambia, na ni kweli. Ulipouliza kwa nini hatukuonana miaka yote hii, nilikujibu kwamba vita vilitutenganisha. Hilo si kweli. Tulitengana kabla vita havijafika Bunia, na aliyetutenganisha ni mimi.

Nianze na Mama Angelani, maana hukumwona. Alikuwa mwanamke mnene, mfupi, mwenye sauti ya juu, na hakuna aliyemfikia kwa mkasi. Wanawake walitoka Nyakasanza na mitaa mingine, wengine hata mbali kule Kilo, wakileta kwake vikwembe vyao, vitenge vya kushonwa nguo. Kazi yake ilikuwa na sifa moja iliyosemwa mji mzima: alikata bila chaki. Washonaji wote huchora kwanza, kisha hukata. Yeye alitandaza kikwembe juu ya meza kubwa, akakaa mbele yake bila kufanya kitu kwa muda mrefu, hata ungefikiri anasali au amechoka. Kisha aliinuka, akatukazia macho sisi wanafunzi wake, akakata moja kwa moja kama mtu anayepita njia ya kwenda kwao. Wateja walisimama mlangoni kutazama. Walipiga makofi.

Nilikuja kwake nikiwa na miaka kumi na sita. Tulikuwa tumekimbia kutoka upande wa Djugu, nilikaa kwa shangazi wa mama yangu, na nilikuwa nimeacha shule bila kumaliza. Shuleni nilikuwa mtoto wa kuandika vizuri, wa kuinua mkono, wa kukaa benchi la mbele. Mwalimu mmoja alitufundisha kwamba ukitaka kufika mahali, utafute mtu aliyekwisha kufika, umwangalie, ufanye kama yeye. Nililichukua neno hilo kama lilivyo. Sikuuliza: nimwangalie nini? Nimwangalie kutoka wapi?

Kwa Mama Angelani kila mwanafunzi alikuja na kiti chake kidogo kutoka nyumbani, na alipowekwa mahali, palikuwa pake. Mimi niliomba nafasi karibu na mlango. Kutoka pale nilimwona Mama Angelani, patrone wangu, usoni, nikaona na nyuso za wateja wakimshangaa. Zawadi alipewa nafasi iliyobaki, kule ndani kando ya meza, mahali pa giza penye joto la pasi ya makaa. Nilimhurumia. Haonekani na mtu, nilisema moyoni.

Basi nilimwangalia Mama Angelani kwa bidii yangu yote. Nilijifunza kuvaa mita ya kupimia shingoni kama yeye, ncha moja ndefu, nyingine fupi. Nilijifunza kuweka sindano mdomoni upande wa kushoto. Hata kicheko chake nilikichukua. Siku moja nilimuuliza:

"Mama, unafanyaka namna gani kwa kukata bila chaki?"

"Ni Mungu tu, mutoto wangu. Na mazoea."

Zawadi alikuwa ameinama juu ya mashini yake ya kushona. Aliendelea kushona.

Ilifika wakati wa sikukuu ya wanawake wa kanisa. Walikuwa wamechagua kikwembe kimoja wote, chenye tausi wakubwa, na walikitoa kwenye robota moja ambayo ilikwisha. Hapakuwa tena na kingine kama hicho sokoni. Kipande cha mama kiongozi, yule ambaye angesimama mbele na kusoma Neno, kililetwa mwisho. Siku hiyo Mama Angelani alikwenda kwenye matanga ya jirani yake. Zawadi alitumwa kutafuta uzi. Nilibaki peke yangu, na mlangoni walisimama wanawake wawili wakingoja mvua ipite.

"Na weye, mufundi mudogo," mmoja alinitania, "utakata bila chaki siku gani? Ama weye iko wa kufagia tu?"

Mwenzake alicheka. "Umuache. Uyu ata kama ukimupa chaki ya seminari nzima, atakata mukono yake."

Waliondoka mvua ilipopungua. Wala hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanapoteza muda tu. Lakini mimi niliinuka, nikaenda kwenye meza kubwa, nikatandaza kikwembe cha mama kiongozi. Nilikaa mbele yake bila kufanya kitu, kama nilivyomwona patrone akikaa. Nilijaribu kusali. Kisha nikakunja kikwembe katikati, mahali pa mabega, ili nikate mbele na nyuma kwa mara moja, nikakata. Mkasi ulikwenda vizuri. Nakumbuka furaha niliyokuwa nayo, Mave. Kwa muda mfupi nilikuwa Mama Angelani.

Nilipofunua, tausi wa mbele walisimama vizuri. Tausi wa nyuma walikuwa wote kichwa chini, miguu juu. Wewe mshonaji utaelewa mara moja: kitambaa chenye picha ya kusimama hakikunjwi mabegani. Na shingo nilikuwa nimeikata pana, ingeanguka kwenye bega la mtu yeyote. Hapakuwa na kitambaa kingine cha kurekebisha.

Sasa nafika pale ambapo kalamu haitaki kwenda.

Kila mwanafunzi alikuwa na sehemu yake kwenye rafu ya kazi. Nilikunja kile kikwembe vizuri sana, kwa uangalifu kuliko nilivyokikata, nikakiweka kwenye sehemu ya Zawadi. Nilijiambia kwamba nakiweka pale kwa muda tu, mpaka nipate la kusema. Nilijua siyo kweli hata wakati nikijiambia.

Asubuhi Mama Angelani alikikuta. Alikifungua mbele yetu wote, hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Zawadi. Hii ni nini?"

"Siyo mimi, Mama."

"Iko kwako."

"Naona iko kwangu. Lakini siyo mimi."

"Basi ni nani? Ni panya?"

Wanafunzi wengine walicheka kidogo, kwa hofu. Zawadi alizunguka na macho, akatutazama mmoja mmoja. Aliponifikia, niliinama nikatafuta sindano chini, na hapakuwa na sindano chini. Mama Angelani alisema angeweza kusamehe kitambaa, lakini hawezi kukaa na mtu anayekataa kazi ya mkono wake mwenyewe. Zawadi alichukua kiti chake, akakiweka kichwani, akatoka. Kwao, baba yake alikuwa mwalimu, mtu mkali kwa mambo ya uongo. Nilijua hilo pia.

Siku ya sikukuu mama kiongozi alivaa nguo yake ya zamani ya rangi ya majani, katikati ya wenzake wote wa tausi, akasoma Neno bila kuinua macho. Nami niliimba kwenye korali.

Mave, kwa miaka nilijitetea kwamba nilikuwa mkimbizi, kwamba kama ningefukuzwa nisingekuwa na mahali. Ni kweli sikuwa na mahali. Lakini deni la vita halikuwa la Zawadi kulilipa.

Ngoja nikuambie kilichofuata, kwa sababu ndicho kimenifundisha kazi yangu, nami sikustahili kukijua. Nafasi ya Zawadi ilipobaki wazi, Mama Angelani alinihamisha pale. "Weye, kuja huku, musaidie na pasi." Nikapeleka kiti changu kando ya meza, mahali pale pa giza. Siku ya tatu aliletewa kikwembe cha arusi. Akakitandaza, akakaa mbele yake. Kutoka mlangoni ningeona mwanamke anayepumzika. Kutoka kando ya meza niliona macho yake yakitembea: aliangalia picha zinasimama upande gani, zinakutana wapi, ua lipi litaanguka kwenye kifua na lipi litajificha kwapani. Kisha mkono wake wa kushoto, ule uliofichwa na mwili wake, ukaanza kwenda polepole juu ya kitambaa, na ukucha wa kidole gumba ukabonyeza mstari. Shingo, bega, kwapa, kiuno. Mistari yote ilikuwa pale. Hakuchora kwa chaki, alichora kwa ukucha. Alipoinuka na kukata mbele ya watu, kazi ilikuwa imekwisha zamani.

Zawadi alikuwa ameona hayo tangu siku ya kwanza. Ndiyo sababu hakuuliza habari ya chaki. Na kama siku ile nisingekuwa naona haya kumuuliza mtu wa gizani, angenionyesha.

Sidhani kwamba Mama Angelani alinidanganya aliposema "ni Mungu tu, na mazoea." Naamini alikuwa amesahau ukucha wake, kama wewe usivyojua ni mguu upi unaotangulia ukipanda ngazi. Tangu hapo nikimwona mtu aliyefanikiwa, namsalimu, nasikiliza anachosema kwa heshima, kisha natafuta mahali pa kukaa ambapo naona mikono yake.

Usifikiri nilipona mara moja. Nilipofungua duka langu hapa Nyakasanza, wewe ukiwa bado mgongoni, nilichukua tena kitu kisichofaa kwa patrone wangu. Yeye aliwakaripia wateja. Alimwambia mke wa tajiri, "Umenenepa, usiseme ni mimi nimeharibu nguo." Watu walicheka na kurudi. Mimi nami nikakaripia. Mteja wangu wa nne au wa tano, mama mmoja mwenye kuuza mchele, alinitazama mpaka nikamaliza, halafu akasema:

"Weye hauko Mama Angelani. Nipe kikwembe yangu."

Akakichukua, akaenda. Jioni nilimweleza baba yako nikilia. Alifikiri kidogo, akasema, "Umemuiga vizuri kabisa. Inabakia mikono yake tu." Nilikasirika siku mbili. Lakini alisema kweli. Watu walivumilia ukali wa yule mama kwa ajili ya kazi yake; ukali haukuwa umeleta kazi. Mtu mkubwa ana tabia zilizomfikisha na ana nyingine ambazo alifika akizibeba tu, kama mzigo, na kwa mbali huwezi kuzitenganisha. Mimi bado nakosea. Kuna siku nafikiri nimejifunza kitu kwa mtu, kumbe nimechukua kofia yake.

Mwaka jana, kwenye ile arusi, uliniita kwa nguvu: "Mama, kuja uone shingo ya nguo hii!" Ulimwuliza yule mgeni nani ameishona, akasema ni mshonaji mmoja wa Aru anayeitwa Tantine Zawadi, kwamba ana wanafunzi wengi na watu wanatoka hata ng'ambo ya mpaka kwa ajili yake. Uliniona sikuisifu, ukafikiri nimeona wivu. Niligeuza upindo wa ile nguo nikaangalia ndani. Ndani kulikuwa safi kuliko nje. Hapo nilijua ni yeye yule.

Ulipata namba yake, ukampigia, akakukubali kwa sababu alikumbuka jina langu. Alikuambia, "Mama yako na mimi tulikaa chumba kimoja." Ulifurahi sana. Kwa miezi yote hii nimekuacha ufurahi, nikijiambia kwamba ni mambo ya zamani, kwamba yeye amefanikiwa, kwamba nitaharibu nafasi yako bure.

Kilichonishinda ni kitu kidogo. Mwezi uliopita ulivunja kioo cha simu ya baba yako, ukairudisha juu ya redio ikiwa imelala kifudifudi, ukakaa kimya siku mbili huku akimshuku shangazi yako. Ulisema mwishoni, nakupa haki yako, ulisema. Lakini siku zile mbili nilikutazama ukiinama kutafuta vitu chini. Sikuwahi kukufundisha kubonyeza kitambaa kwa ukucha, nawe unafanya hivyo tangu una miaka kumi, ulinitazama tu. Nikaelewa kwamba na kuinama huku ulikuona kwangu.

Leo saa sita nilimpigia.

"Zawadi, ile kikwembe ya tausi."

"Kikwembe gani?"

"Ya mama kiongozi. Ni mimi niliikata. Nikaiweka kwako."

Nilikuwa nasikia mashini nyuma yake. Ikanyamaza. Nilidhani simu imekatika, nikaita jina lake mara mbili.

"Niko," alisema. Kisha: "Unajua baba yangu alikufa akisema mimi ni mutoto wa uongo? Kila nikikosana na batu nyumbani, ilikuwa: tunakujua, weye na tausi yako."

Nilisema unisamehe. Akasema, "Usiniombe ile kwa simu." Hakulia, hakutukana. Niliomba moyoni atukane. Halafu akauliza:

"Mave anajua?"

"Apana."

"Basi umuambie leo. Kama hajui, asipande gari. Mimi siwezi kumufundisha mutoto anayenitazama na kuwaza kitu ambayo haiko kweli. Nitakuwa nafanya kazi, nawaza: uyu hajui. Mikono yangu itachoka."

"Na akijua?"

"Akijua na anataka kuja, akuje. Kosa haiko yake." Halafu akasema, "Weye na mimi bado." Akakata.

Kwa hiyo nafasi yako haijapotea, lakini haiko tena mikononi mwangu. Iko kwako. Unaweza kuona haya kwenda kwa mtu ambaye mama yako alimfanyia hivyo. Ukisema hutaki kwenda, sanduku litafunguliwa na sitakuuliza sababu. Ukisema utakwenda, nitafurahi, na nitaogopa pia, kwa maana utaishi na mtu anayenijua kuliko wewe unavyonijua.

Ukienda, sikuagizi mengi juu ya kazi. Atakuonyesha mambo ambayo mimi sina. Sijui alifanya nini tangu siku aliyotoka na kiti kichwani hadi leo; najua tu alianza kwa kushona mashati ya wanafunzi barazani kwa baba yake, baba ambaye hakumwamini. Jinsi mtu anavyoshona vizuri mahali ambapo haaminiwi, hilo mimi sikuliona kwa mtu yeyote, na ningependa ulione. Mwangalie siku ambayo kitambaa kimeharibika. Siku nyingine zote washonaji tunafanana. Mwangalie pia akiwa na mwanafunzi aliyekosea, anavyomuuliza, na anangoja muda gani kabla ya kuamini. Na ukimkuta mwenzako amekaa pembeni, mahali pasipopendeza, kamsalimu siku ya kwanza, usingoje.

Si lazima umpende haraka. Si lazima unitetee mbele yake. Akisema neno juu yangu ambalo ni kali, lisikie; pengine ni kweli.

Mwanzoni nilitaka kuficha barua hii chini ya nguo zako, ili uikute Aru, mbali, jioni, wakati siwezi kuona uso wako. Nilikuwa nimekwisha kuinua kifuniko cha sanduku. Halafu niliona ninachofanya: nakunja kitu vizuri na kukiweka kwenye sehemu ya mtu mwingine.

Nitakupa mkononi, leo, kabla ya chakula. Nitaweka kiti changu mbele yako, karibu, mahali pa kuona. Tangu ukiwa mdogo umenitazama nikifanya mambo ninayoyajua. Hili silijui; sijalifanya uso kwa uso hata mara moja. Soma polepole, na ukiinua macho, niangalie. Sitainama.

Mama yako